Mawili ya Chini

Jua lilikuwa linazama nilipomfikisha binti yangu, Jelagat, kwa daktari wa meno pale Kiamunyi. Gego lilikuwa limemnyima usingizi. Mimi nilitaka ling'olewe tu, twende zetu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na sikuwa na nia ya kulia.

Daktari Harun akalichungulia, akatikisa kichwa.

"Mathe, hii tutaziba. Jino tunang'oa mzizi ikioza, ama ikilegea kabisa. Hii bado iko poa."

Akaingia chumba cha nyuma kuchukua dawa.

Hapo ndipo nikasikia harufu... moshi, na maziwa lala. Ajuza mmoja alikuwa amesimama kando ya kiti cha Jelagat. Mlango sikuusikia. Mbele, chini, alikuwa na pengo la meno mawili, kama wazee wa zamani wa kwa kina baba yake Jelagat, waliong'olewa makusudi wangali watoto.

"Mwambie atoe haya mawili," akanong'ona, akigusa kidevu cha mwanangu.

"Hayo ni mazima, kogo!" nikamwambia, kama wanavyomwita bibi huko kwao.

"Taya ikifunga, uji itapitia wapi?"

Nikapandwa na hasira. "Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi pepopunda iko na chanjo. Toa mkono!"

Akautoa, polepole.

"Ya punda mko na chanjo," akasema. "Ya pepo je?"

Nikageuka kumwita daktari. Nilipotazama tena, ajuza hakuwepo.

"Haya, Jelagat, fungua mdomo," Harun akasema, akirudi na dawa.

Hakufungua.

"Fungua, mami."

Krrrk... Meno yakasagana. Macho yake yakanikazia, yamejaa machozi. Harun akajaribu kwa vidole, kisha kwa kijiti, hadi jasho likamtiririka. Taya halikuachia.

Hospitalini walipima kila kitu. Si pepopunda, wakasema. Hakuna usaha, hakuna ugonjwa. Nikawasihi wamng'oe yale mawili. Wakaniambia jino zima haling'olewi bila sababu.

Leo nimempigia Harun magoti. Amekubali. Ameshika koleo, ameinama, kisha ameirudisha mezani.

"Inashika jino mbele na nyuma, mathe," amesema. "Na yale ya juu yamefunika. Nyuma nitaingilia wapi?"

Nimemkumbatia mwanangu, shavu langu juu ya shavu lake. Hajatia chochote kinywani tangu siku ile.

Lakini nyuma ya meno hayo, nasikia kitu kikitafuna.