Ganda Jekundu katika Pipa la Hajrie

Kila asubuhi Polikseni aliamshwa na bibi yake akichochea jiko la kuni. Alinawa uso kwa maji ya baridi, akafunga shingoni skafu nyekundu ya heshima ya shule, akanywa chai na mkate, kisha akatoka mbio asichelewe gwaride. Wazazi wake walifanya kazi kwenye mgodi wa mbali, kwa hiyo hapa mjini Korça walikaa wawili tu, yeye na Bibi Athina. Waliishi kwenye ua wa mawe pamoja na majirani wengine, wote wakichota maji kwenye bomba moja, kila nyumba na pipa lake la taka mlangoni.

Siku ya Pasaka haikuwa kama siku nyingine, ingawa ilibidi ionekane hivyo. Serikali ilikuwa imepiga marufuku dini zote. Kanisa la mtaa lilikuwa ghala la mahindi, na msikiti ulikuwa karakana. Aliyekamatwa akisali aliweza kufukuzwa kazi, au kuhamishwa na jamaa yake nzima kwenda kulima kijiji cha mbali chini ya ulinzi. Hata hivyo Bibi Athina alishusha pazia, akatoa mayai aliyoyachemsha kwa maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu.

"Kristo amefufuka," akanong'ona.

"Hakika amefufuka," Polikseni akajibu. Wakagonganisha mayai yao, wakala, na maganda yote wakayatupa ndani ya jiko yaungue.

Likabaki yai la Hajrie. Hajrie, jirani wa ng'ambo ya ua, alikuwa Mwislamu. Tangu zamani yai jekundu lilikwenda kwake siku ya Pasaka, na halua ilitoka kwake siku ya Idi. Marufuku haikuukata ujirani huo. Bibi alilificha yai kwenye kikapu, chini ya nyuzi za sufu.

"Mpelekee shangazi yako Hajrie. Akimaliza kula, rudi na maganda. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Alisikia kweli. Ila huko Hajrie alimpa kiti, akamsimulia visa vya zamani mpaka mtoto akacheka hadi machozi. Akarudi na kikapu bila maganda. Hajrie naye, ambaye nyumbani kwake hawakuwa na desturi ya kuchoma maganda, akayatupa pipani kama taka nyingine.

Kesho yake Polikseni alipotoka shule alikuta watu wamejaa uani. Ndugu Zenepe, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alikuwa amesimama mlangoni kwa Hajrie, ganda jekundu kiganjani. Kila baada ya Pasaka alipekua mapipa, na safari hii alikuwa amepata.

"Hajrie! Wewe na Pasaka wapi na wapi?"

"Ndugu Mwenyekiti, yai ni yai. Nilikuwa na njaa."

"Usinifanye mtoto. Kuku gani anataga mekundu? Nani amekupa?"

"Sikumbuki."

"Basi utakumbuka. Jioni tunakutana hapa uani. Ukiendelea kusahau, kazi yako ya jikoni kwenye shule ya watoto wadogo sahau na yenyewe. Na lori la kuhamisha watu liko tayari."

Polikseni alipenya katikati ya watu. Aliingia ndani, akamwangukia bibi yake. "Ni mimi, Bibi! Nilisahau maganda. Shangazi Hajrie atahamishwa kwa sababu yangu!"

Bibi Athina alimwacha alie mpaka akatulia. Naye alikuwa na hofu, haikufichika usoni. Akasema, "Kusahau kumeshatokea, mjukuu wangu. Imani yetu tumeificha kwa sababu tunaipenda, na hilo si kosa. Lakini jirani akiumia ili sisi tubaki salama, hapo hatufichi imani tena, tunaitupa. Jioni nitasema. Wewe kaa kimya."

Jioni watu waliketi kwenye viti vyao, walivyovitoa majumbani. Hajrie alisimama katikati. Ndugu Zenepe alimuuliza tena, na yeye akajibu vilevile kwamba hakumbuki. Bibi Athina akashika mkongojo wake ainuke. Ila miguu ya mzee haina haraka, na Polikseni alikuwa ameshasimama.

"Yai lilikuwa letu, Ndugu Mwenyekiti. Mimi ndiye niliyempelekea. Tulikuwa tunasherehekea Pasaka."

Minong'ono ikapita uani. Ndugu Zenepe akaitazama skafu yake, kisha akalainisha sauti.

"Wewe ni mtoto, na ni mwanafunzi hodari. Wazee wamekupotosha. Hatutaki makubwa. Sema mbele ya watu kwamba Mungu hayupo, na mambo yaishie hapa. Bibi yako hataguswa, na Hajrie atarudi kazini."

Loo! Maneno mawili tu. Polikseni alimtazama bibi yake, na bibi hakumpa ishara yoyote, akamwachia aamue mwenyewe.  Alitamani sana kuyasema yaishe. 

"Siwezi, Ndugu. Nitakuwa nasema uongo."

"Vua hiyo skafu!"

Akaivua, akaikunja vizuri, akamkabidhi. Hakulia.

Hapo Bibi Athina alikuwa amekwisha kusimama. "Aliyemfundisha ni mimi. Na mimi pia sisemi kwamba hayupo. Mkitaka kunipakia kwenye lori, nipakieni na mkongojo wangu."

Watu wakainamisha vichwa. Mtihani kwa Ndugu Zenepe! Kumpakia ajuza asiyeweza kupanda hata ngazi, mbele ya mtaa mzima, kungemwaibisha yeye. Alinong'onezana na wenzake wa kamati, kisha akatangaza adhabu: Hajrie aachwe, Polikseni asivae skafu mpaka mwaka mwingine, na Bibi Athina afagie ua na kichochoro kila asubuhi, wapita njia wakimwona, ajifunze.

Asubuhi iliyofuata bibi na mjukuu walitoka na ufagio. Watoto wa shule wakapita, mmoja akapiga kelele, "Pasaka, Pasaka!" Polikseni akaendelea kufagia. Punde mlango wa Hajrie ukafunguka.

"Rudi ndani, watakuona," Bibi Athina akamwambia.

"Waone." Hajrie akachukua kizoleo, akachuchumaa mbele ya Polikseni, macho kwa macho. "Mwanangu, nisikilize. Kazini kwetu kila Ramadhani wakubwa wanatuletea maziwa mchana, wanasimama kutuangalia nani hanywi. Miaka yote nimekunywa, na kila nilipokunywa nililia nilipofika nyumbani. Jana umenifundisha. Mtu anaweza kunyang'anywa skafu, kazi, hata nyumba, lakini imani hainyang'anywi. Ni mpaka uitoe mwenyewe. Mwaka huu wakileta maziwa yao, sinywi."

Bibi Athina akamtazama, macho yakimlenga machozi. Halafu akacheka.

"Basi tafuta ufagio wako, Hajrie. Huu wetu hautatosha watu watatu."