Waya wa Tatu

Kila siku alasiri, watoto wa mtaa wao wa Mambrui walijazana mlangoni kwa akina Rufaida kununua barafu za ubuyu. Mama alizitengeneza alfajiri, akazifunga kwenye vifuko na kuzigandisha kwenye friji iliyokuwa jikoni.

Mbele ya friji hiyo ziliwekwa kandambili. Hazikuwa za kuendea msalani wala sokoni, bali za kufungulia friji. Aliyeugusa mlango pekupeku alipigwa shoti ndogo, mkono ukamsisimka hadi kiwikoni. "Friji yauma leo," Mama husema akicheka, huku akitia miguu kandambili. Nyumba nzima ilikwisha kuzoea, maana binadamu huzoea hata mambo ya ajabu. Rufaida peke yake hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alijua kwa nini friji inauma.

Miezi miwili nyuma, plagi ya friji iliungua. Fundi Kazungu alikuwa na kazi Watamu, asingefika kabla ya siku tatu, na barafu zilikuwa zinayeyuka. Rufaida akajitolea. Wiki ile ile darasani walikuwa wameunda saketi kwa betri, globu na nyaya mbili. Mwalimu Zipporah aliwaeleza kwamba umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye globu, kisha hurudi ulikotoka. Njia ikikatika popote, globu huzimika. Rufaida ndiye aliyewasha globu yake kabla ya wenzake wote, na kichwa kikamvimba.

Basi akachukua bisibisi. Ndani ya waya wa friji alikuta nyaya tatu: wa kahawia, wa buluu, na mmoja wenye rangi ya kijani na manjano. Alijiambia, huu wa kwenda, huu wa kurudi, na huu wa tatu wa nini? Akaukata. Akaziunga zile mbili kwenye plagi mpya.

"Umezitia zote mahali pake?" Mama aliuliza.

"Zote, Mama."

Friji ikanguruma. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikwisha kuambiwa kwamba Rufaida ni fundi.

Wiki mbili baadaye mwalimu Zipporah alifika kwenye somo la usalama. Waya wa kijani na manjano, alisema, ni waya wa ardhini. Haufanyi kazi ya kuendesha kifaa. Lakini umeme ukivuja ukafika kwenye bati la nje, waya huo huupeleka ardhini, fyuzi ikakatika. Usipokuwapo, umeme hubaki kwenye bati ukimngoja mtu, na humwumiza zaidi mtu mwenye miguu iliyolowa.

Rufaida akaukumbuka waya alioukata, na friji inayouma. Alikwenda nyumbani mbio akitaka kusema, akamkuta Mama na wageni, anamsifu. Akajiambia, kesho. Kesho yake akajiambia kesho tena. Aliona haya, hakukuwa na sababu nyingine.

Jumamosi moja asubuhi, Mahir, mdogo wake wa miaka sita, alitoka kuoga, maji bado yanamchuruzika, akakimbilia barafu pekupeku. Rufaida alikuwa akichagua mchele pale jikoni. Alisikia sauti moja fupi, kama ya mtu aliyekabwa koo. Alipoinua macho, Mahir alikuwa ameushika mlango wa friji, mwili umekakamaa.

Mama, aliyekuwa karibu, akamrukia mwanawe.

"Usimguse, Mama! Utanaswa nawe!" Rufaida alipiga kelele, akaruka hadi ukutani na kuizima swichi ya soketi.

Mahir akaanguka. Hakuwa akipumua. Jirani yao Nana, aliyewahi kufunzwa huduma ya kwanza, alikuja mbio akamkandamiza kifua mpaka pumzi ikarudi, kisha wakampakia kwenye tuktuk kumkimbiza hospitali Malindi.

Kwenye benchi la hospitali Mama alijipiga kifua. "Mimi ndiye niliyemuua! Nilijua friji yauma, nikaweka kandambili. Kandambili, yarabi!"

Baba yao, Msellem, alifika moja kwa moja kutoka kazini. "Mtoto mmoja tu, amekushinda kumwangalia?" alimwambia mkewe.

Mama hakujitetea. Aliinamisha kichwa akaipokea lawama yote. Rufaida alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kujichukia maishani mwake.

"Baba, si Mama," alisema. "Ni mimi. Nilikata waya wa tatu, nikamwambia Mama nimeunga zote. Kisha shuleni nikafunzwa kuwa ni hatari, na sikusema."

Baba akaketi. Hakumpiga wala hakumkaripia. Rufaida aliona afadhali angempiga. Walikaa hivyo, watu watatu wasiotazamana, hadi daktari alipotoka alasiri. Mtoto yu hai, alisema, na moyo unapiga vizuri. Lakini kiganja cha kulia kimeungua hadi ndani. Huenda vidole visinyooke tena.

Jumatatu fundi Kazungu aliibadilisha mashine ya friji iliyokuwa ikivujisha umeme, akatia waya mpya na kuunga nyaya zote tatu. Alimwita Rufaida aone.

"Shikamoo, Fundi," Rufaida alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Huu waya wa kijani miaka nenda miaka rudi utauona haufanyi kitu. Ni wa ile siku moja ya balaa. Na kitu cha umeme kikikuuma, usitafute viatu. Zima, chomoa, uniite. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mahir alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Mchana walikula wali wa nazi. Alinyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia, akakumbuka alivyofunzwa, akaurudisha pajani. Rufaida akakanda tonge akamlisha.

"Dada," Mahir aliuliza, "ulijua kama friji itanishika?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Angeaminiwa.

"Nilijua yaweza kumshika mtu, Mahir. Nilijua, nikanyamaza."

Mama aliacha kula. "Waya uliukata kwa kutojua, na hilo nilikusamehe siku ile ile kule hospitali," alisema polepole. "Lakini siku uliyojua ukaficha, hapo ndipo ulipomuumiza ndugu yako. Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Aibu ni ya siku mbili tatu. Vidole hivi..." Hakumaliza.

Mahir alitafuna, akameza, akaitazama bandeji yake. Kisha akamfungulia dada yake kinywa.

"Nipe tena," alisema.