Meza Isiyotajiwa Majina

Ting.

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara moja tu, kisha korido nzima ikanyamaza, kana kwamba nayo ilikuwa imesikia.

Lisandra alisimama na mashuka mikononi. Sauti ilitoka chumba cha mwisho, kile cha kona, ambacho roshani yake inaning'inia juu ya jabali na bahari iko chini kabisa, nyeupe kwenye miamba. Chumba hakikuwa na mgeni. Vyuma vya roshani vilikuwa vimeliwa na chumvi na fundi alikuwa hajaja. Nani atengeneze chuma wakati wa Sikukuu? Kwingineko kote Hoteli ya Rocha Alta ilikuwa imejaa Waingereza waliokuja kula Krismasi juani, na zamu ya ghorofa ile usiku ule ilikuwa yake peke yake.

Ufunguo ulikuwa kiunoni. Akafungua.

Meza aliyoiandaa mwenyewe usiku wa mkesha wa Krismasi ilikuwa bado pale karibu na dirisha: kitambaa cheupe chenye darizi, mkate, kipande cha keki ya asali, kikombe cha chai. Mkesha huo alinyimwa ruhusa ya kwenda nyumbani, na kwao Câmara de Lobos, mji wa wavuvi, meza ya mkesha haiondolewi. Walio hai wakishiba huenda kulala, wakawaachia marehemu wa nyumba nafasi yao. Lisandra aliona vibaya marehemu wao walale njaa kwa sababu tu yeye ni mtumishi wa watu. Basi akaandaa meza ndogo, mahali ambapo hakuna ambaye angeiona.

Chai aliiacha imejaa. Sasa kikombe kilikuwa kitupu, kijiko kikitikisika bado, na kiti kilikuwa kimelowa.

Asubuhi, jikoni, alimwendea Gonçalo, mhudumu mkuu wa chai ya alasiri, mtu ambaye hakuna mzaha uliowahi kumpita.

"Mchezo wako wa jana haukunichekesha."

"Mchezo gani? Mimi nililala kama gunia la viazi. Muulize mke wangu, kanipiga teke kwa kukoroma."

"Basi nani kanywa chai ya chumba cha kona?"

"Mwingereza. Hao wakinusa chai hutembea hata usingizini."

Wapishi wakaangua kicheko. Zulmira, mama yake Lisandra, msimamizi wa chumba cha mashuka, alikuwa amekuja kuchukua kahawa yake. Yeye hakucheka.

"Chai gani hiyo, mwanangu?"

Lisandra akamweleza. Zulmira akaweka kikombe chini polepole.

"Na majina uliyataja?"

Kwao, kabla ya kulala, mkubwa wa nyumba husimama mezani akawaita marehemu mmoja mmoja: fulani, karibu, fulani, karibu, kuleni, mkishiba mwende kwa amani.

"Kengele ililia, mama. Mgeni alitaka maji ya moto. Nikasema nitarudi, halafu..."

"Halafu nini?"

"Nikasahau."

Zulmira akamshika mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Meza isiyotajiwa majina ni meza ya yeyote."

"Mama Zulmira, mwache mtoto," Gonçalo akasema. "Leo hata mizimu imevimbiwa."

Siku hiyohiyo Lisandra aliondoa ile meza, akafua kile kitambaa, akakikunja. Alidhani yamekwisha.

Lakini chakula kikapoteza ladha mdomoni mwake. Kwanza chumvi, kisha sukari, kisha hata kitunguu saumu cha nyama ya Sikukuu, kile ambacho harufu yake hushika nguo hadi Mwaka Mpya. Alikula, akaongeza, akaomba tena, na wapishi wakamtania kwamba amepata bwana, huyu sasa anakula kwa watu wawili. Hawakujua walichokuwa wakisema. Kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda. Sare ikaanza kumning'inia mabegani kama nguo iliyotundikwa kwenye msumari.

Kisha ikaja harufu. Chumba cha mashuka kimenukia wanga wa kukazia nguo na pasi ya moto tangu kujengwa kwake, na sasa chini ya wanga kulikuwa na kitu kingine, mwani uliooza, sufi iliyolowa na kukauka na kulowa tena. Zulmira alifua mashuka yaleyale mara mbili. Harufu haikuwa kwenye mashuka. Ilikuwa ikiingia pamoja na binti yake.

Alasiri moja, jua likiwa wazi na wageni wakipaka siagi kwenye skonzi huku bahari ikimetameta chini yao, bibi mmoja wa Kiingereza, mgeni wa kila mwaka, alimvuta Gonçalo kwa mkono wa koti.

"Samahani. Yule msichana mwingine, kwa nini hamumpi taulo?"

"Msichana yupi, bibi?"

"Yule anayemfuata huyu mwembamba. Amelowa chapachapa, maskini, na amemkaribia mno. Kila mwenzake akimeza, na yeye anameza."

Gonçalo aligeuka. Lisandra alikuwa peke yake kando ya ukuta, ameshika sinia. Sakafuni nyuma yake, juu ya vigae vikavu, kulikuwa na alama za nyayo za maji.

Tangu siku hiyo Gonçalo hakufanya mzaha tena, na ukimya wake uliwatisha watu kuliko harufu.

Zulmira alikuwa bado anajipa moyo kwamba ni homa. Halafu akaingia kazini akakuta, juu ya meza yake ya kupigia pasi, vipande viwili vya sukari vilivyofungwa kwenye karatasi ya buluu. Hoteli ilikuwa imeacha kutumia karatasi ile tangu yeye akiwa mtoto. Alivitazama, akakaa sakafuni katikati ya mito ya wageni.

Alikuwa na dada. Dada mkubwa, mtumishi wa hoteli hii hii, ambaye Jumapili alikuja nyumbani na vipande viwili vya sukari mfukoni, vya mdogo wake, kwenye karatasi ya buluu. Asubuhi moja walimkuta kwenye miamba, chini ya kile chumba cha kona. Watu wakasema alijirusha. Padri hakumpigia kengele ya mazishi. Bibi yao akachoma nguo zake na picha yake, kisha akasema: atakayemtaja, asile mezani pangu. Kila mkesha, akiita marehemu, akifika pale pa jina lake mdomo wake ulifanya duara, ukafumba, ukaenda kwa anayefuata. Bibi akafa, mama yao akafa, Zulmira akawa mkubwa wa nyumba, na yeye pia aliruka palepale. Lisandra hakuwahi kuambiwa kwamba mtu huyo aliishi.

Sikukuu nenda, Sikukuu rudi, mtu amesimama mlangoni akisikia wenzake wakiitwa. Hatimaye akaona meza isiyo na jina la mtu.

Zulmira na Gonçalo walimleta Bibi Hermínia kwa mlango wa watumishi. Alikuwa mganga wa mafuta na maji, mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Alimlaza Lisandra, akampunga kwa majani ya rozimari, akadondosha mafuta kwenye sahani ya maji. Mafuta huelea, kila mtu anajua. Haya yalizama.

"Hili si jicho la mtu," akasema. "Mna mgeni mezani. Na chakula chake sicho mlichoandaa."

"Anakula nini?" Zulmira akauliza, ingawa alikuwa akiona.

"Unanichezea? Mtazame mtoto wako. Lini alikula akashiba?" Akakohoa. "Mgeni wa meza haondoki kwa maji wala kwa moto. Aandaliwe tena palepale, aitwe kwa jina lake na mtu wa damu yake, aambiwe ameshiba, aende. Unamjua?"

"Namjua."

"Jina unalo?"

"Ninalo."

"Basi wahi. Ukimwita wewe, ni mgeni, ataaga kama wageni wanavyoaga. Akijitaja mwenyewe kwa kinywa cha mtoto, atakuwa si mgeni tena. Atakuwa mwenye nyumba, na atakayetoka nje ni mwingine."

Waliandaa meza katika chumba cha kona, jua likiwa halijazama. Gonçalo alileta chai na kuimimina mwenyewe, kisha akasimama mlangoni. Lisandra alikalishwa kitini. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba mto wa kiti haukubonyea.

"Mama," akanong'ona, "ninaona njaa."

"Sasa hivi, mwanangu. Sasa hivi."

Zulmira akasimama mahali pa mkubwa wa nyumba. Akawaita bibi, babu, mama, baba, mumewe, kila mmoja na karibu yake. Akafika pale. Akafungua mdomo.

Hapakuwa na kitu.

Alikuwa ameamini miaka yote kwamba jina lipo, limekunjwa mahali fulani ndani yake kama shuka jema linalosubiri mgeni mkubwa, na sasa alifungua kabati na kabati lilikuwa tupu, safi, halina hata vumbi, kwa maana alikuwa mdogo mno wakati ule na hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita dada, dada tu, na baada ya hapo hakuna mtu aliyelitamka mbele yake hata mara moja.

"Dada," akasema. "Dada, karibu."

Kijiko hakikusogea.

"Jina!" Bibi Hermínia akafoka kwa mnong'ono. "Kila mtu ana dada!"

"Olinda," Zulmira akasema. "Odete. Dada, ni mimi, mdogo wako, ulikuwa ukiniletea sukari. Olga. Olívia." Alikuwa akiufuata mdomo wa bibi yake, lile duara, duara lililofumba kila mwaka kabla ya kutoa sauti, na kila jina alilolijaribu lilianguka mezani kama sahani ya mtu mwingine, huku maji yakianza kutiririka kutoka miguu ya kiti, yakipita chini ya meza, yakigusa viatu vyake, baridi, yakinuka mwani, na huko chini kwenye baraza wageni walikuwa wakicheka na vyombo vyao vikilia, na mikono ya Lisandra, ambayo kwa siku nyingi haikuweza kuinua hata taulo, ikainuka kwa utulivu, ikafungua karatasi ya buluu ambayo hakuna mtu aliyeiweka pale, ikatumbukiza sukari ndani ya chai, kipande kimoja, kisha cha pili, ikakoroga.

"Lisandra, mwanangu, usiseme kitu! Fumba mdomo! Gonçalo, mshike, mzibe mdomo!"

Gonçalo alikuwa analia mlangoni, na miguu yake ilikataa.

Msichana aliinua kikombe, akanywa chai yote bila kupumua. Akafuta midomo kwa ncha ya kitambaa, vizuri, kama walivyofundishwa watumishi wa zamani. Akamtazama Zulmira, na katika macho yale hapakuwa na hasira hata chembe, palikuwa na huruma tu, huruma ya mkubwa kwa mdogo aliyepotea njia.

Ting.

Mdomo wake ukafanya duara. Haukufumba.

"Otília," akasema.