Mtu Aliyeita "Njoo"

Walikutana kwenye foleni ya duka la vitambaa, watu wamejaa pomoni. Fundi friji akamkanyaga mshonaji mmoja mwenye gauni la bluu.

"Samahani, dada!"

"Umebakiza mguu mmoja. Kanyaga na huo."

Fundi akacheka, akaomba namba, akapewa.

Kwa miezi mitatu simu hazikukauka. Ila kila wakikutana, ikikaribia saa kumi, mshonaji huwa juu juu, mkoba begani.

"Wakimbilia wapi, malkia? Kwani mimi mwiba?"

"Kazi, mpenzi."

Hakumwambia kwamba nyumbani yuko kaka yake, mtu mzima aliyezaliwa na usonji. Maneno yake machache, na kelele humchoma kama moto. Jirani alikaa naye mpaka saa kumi na nusu tu. Mchumba wa kwanza alimwona mara moja, hakurudi.

Jioni moja wakiwa kwenye simu, sauti nzito ya kiume ikaita, "Njoo! Njoo!"

"Nani huyo?"

Mshonaji akababaika. "Hakuna mtu."

"Basi endelea naye huyo hakuna mtu." Simu ikakatwa.

Usingizi ulimruka mshonaji. Si kwa kuachwa. Kwa kumkana ndugu wa tumbo moja.

Siku ya tatu fundi akaulizia nyumba, akaja, kifua mbele, akabamiza mlango kwa ngumi. Ndani kaka akapiga ukelele, akaziba masikio, akaanza kujigonga kichwa ukutani. Mshonaji akawahi kuweka mto, kisha akafungua mlango.

"Ni kaka yangu. Umemwona, sasa nenda."

"Nifanye nini?"

"Usimguse. Kaa chini, nyamaza."

Fundi akazima simu, akakaa sakafuni. Nusu saa nzima hakukohoa.

Kaka alipotulia, mshonaji akasema, "Ukinitaka, tuko wawili. Simpeleki popote."

"Siahidi kwamba nitaweza. Nifundishe."

Akafundishwa: asigonge, aite polepole, akitaka kuondoka, aage mapema. Alikosea sana. Siku moja alipiga chafya, wakaanza upya.

Wiki ya tisa aliingia na shati lililonyooshwa, akapitiliza hadi mbele ya kaka.

"Shemeji, nataka kumwoa dada yako. Wasemaje?"



Kaka hakuinua macho. Alikuwa akitazama sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi ile.

"Viatu," akasema.

Bwana harusi akainama, akavivua.