Ajira Hewa za Mume wa Munira

Mlango ukafunguliwa. Mwanaume aliyetoka ndani, msuli kiunoni, kifua wazi, mswaki mdomoni, alikuwa mume wa Munira.

Twaha! Yule yule aliyeagana naye asubuhi kule Tandika akiwa na shati la kiwandani lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Tena alimwambia leo mashine zina hitilafu, asimsubiri kula…

Ngoja, msomaji wangu, nikuanzie mbali kidogo.

Hii ni Temeke ya miaka ya tisini mwanzoni. Mitumba imeingia kwa fujo, viwanda vya nguo vinasimama kimoja baada ya kingine, na wafanyakazi wanapukutika kama kuku wa mdondo. Twaha alikuwa fundi kwenye kiwanda kimojawapo. Mkewe Munira alijua kiwanda hicho kinayumba, lakini mume si anatoka kila asubuhi na anarudi jioni kachoka? Basi akatulia.

Munira naye akabahatika kupata kibarua cha muda. Kuzunguka nyumba kwa nyumba na kuuliza nani ana kazi na nani hana, ili wakubwa wajue hali ya ajira. Nyumba ya kwanza kuijazia fomu ilikuwa yake. Mume: ana kazi. Aliandika kwa madaha huyo!

Kibarua chenyewe kilikuwa na vituko. Mwanamke wa pwani hamwaniki mumewe mbele ya mgeni, hata wakilala njaa. Ukimuuliza, anakujibu baba watoto yupo kwenye shughuli zake. Shughuli zenyewe unaziona kwa macho yako, yuko kibarazani kwa jirani anacheza bao. Munira akirudi nyumbani anawacheka wanawake wenzake, anamsimulia Twaha, na Twaha anacheka naye mpaka machozi.

Hebu fikiria! Anacheka na yeye!

Siku hiyo sasa, Munira akapangiwa Mbagala. Mwenye nyumba alikuwa dada mmoja mpole anaitwa Lulu, yuko uani anapika vitumbua vya kuuza. Akamkaribisha, akampa kigoda, na alipoulizwa habari za mume hakupindisha maneno kama wale wengine.

"Hana kazi, sista. Kiwanda chao kimesimama tangu mwaka jana. Anakuja asubuhi anashinda humu ndani, jioni anakwenda kumwangalia mama yake mgonjwa. Tunaishi kwa hivi vitumbua vyangu."

Munira akamsifu kimoyomoyo, hatimaye kampata mtu mkweli. Akaomba amwone huyo mume amuulize mwenyewe, maana ndivyo walivyoagizwa.

Ndipo ule mlango ukafunguliwa.

Twaha aliganda pale kizingitini. Lulu akawatazama wote wawili, akauliza kama wanajuana.

"Huyu ni mume wangu," Munira akasema. "Wa ndoa. Nina watoto wake wawili."

Lulu akaepua kikaango taratibu. "Na mie kanioa," akasema. "Aliniambia kwamba nyie mlishaachana."

Na kumbe hayo yalikuwa madogo. Mama mgonjwa hakuwepo, marehemu alishazikwa zamani. Zile hela Lulu alizokuwa akitoa za dawa za mama mkwe, ndizo Twaha alizokuwa akimkabidhi Munira mwisho wa mwezi na kuziita mshahara. Mwaka mzima Munira amelishwa na mke mwenziwe bila kujua, na huku anajivunia mume mwenye kazi. Iliuma, wapendwa. Alitembea kwa miguu kutoka Mbagala analia barabarani, hajali nani anamwona.

Kesho yake akaenda ofisini kurekebisha fomu. Mume hana kazi Tandika, hana kazi Mbagala, yaishe. Msimamizi wao, Bwana Projestus, akakataa. Akasema kiwanda kimesimama tu, hakijafungwa rasmi, kwa hiyo yule wa Tandika ana kazi. Na yule wa Mbagala, si huwa anamchochelea mkewe moto wa vitumbua? Hata saa moja kwa wiki ni kazi, huyo amejiajiri.

"Lakini ni mtu mmoja huyo!" Munira akalia.

"Kila nyumba inahesabiwa kivyake," Projestus akamjibu. "Na mambo ya ndoa yako usiniletee ofisini."

Munira alikuwa hajalipwa bado, na watoto wanataka kula. Akaandika alivyoambiwa. Akajifariji kwamba mtu mmoja hawezi kuharibu hesabu ya mji mzima.

Kibarua kilipokwisha, akadai talaka. Wazee wa pande zote mbili wakakutana nyumbani kwa Mzee Mwishehe, mjomba wake Twaha. Munira akaeleza yote, kwamba huyu bwana hana kazi, hamlishi, na kamdanganya mwaka mzima. Kuoa mke wa pili wazee waliona si kosa. Ila la kutolisha, hilo lingemtoa Munira kifungoni, na kila mtu pale alilijua.

Mzee Mwishehe akakohoa. Akasema juzi redio imetangaza kwamba watu wamehesabiwa nyumba kwa nyumba, na wanaume wa Temeke karibu wote wana kazi.

"Sasa, mwanangu," akauliza, "tuiamini hesabu ya serikali, au mwanamke mwenye wivu?"

Muda wote huo Twaha alikuwa kainamisha kichwa. Hapo akakiinua.

"Muulizeni aliyeniandika kwamba nina kazi ni nani."

Alikuwa anajua! Munira mwenyewe alimwambia, siku ile ya kwanza ya madaha.

Wazee wote wakamgeukia. Munira akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni yeye, akataka kueleza habari za Projestus na ile saa moja kwa wiki, lakini nani alikuwa anasikiliza tena? Talaka ikakataliwa. Jioni hiyo akarudishwa Tandika nyuma ya mume wake mwenye ajira.

Ndugu zangu, ukimpamba mtu kwa uongo, siku ukitaka kusema ukweli wake utakosa shahidi. Na mkisikia redioni kwamba wenye kazi wameongezeka, msikimbilie kupiga vigelegele, ulizeni kwanza wamehesabiwaje. Mie wawili kati yao nawajua. Mmoja ni Twaha wa Tandika. Mwingine ni Twaha wa Mbagala.