Chungu Kilichopigiwa Magoti

Saa mbili asubuhi Phindile Xulu alipiga yowe lililowatoa watu hata kwenye duka la mikate ng'ambo ya barabara. Kijukwaa cha mbao katikati ya ukumbi wa maonyesho kilikuwa kitupu. Chungu kidogo cheusi kilichompa tuzo ya wafinyanzi, na ambacho mnunuzi alikuwa njiani kutoka Johannesburg kukichukua, hakikuwapo.

Sajini Zanele Biyela wa kituo cha Eshowe aliingia taratibu, mikono mgongoni. Mlango haukuvunjwa. Vyungu vikubwa vya Phindile, vingine vinamfika mtu kiunoni, vilikuwa mahali pavyo. Michoro ya Lwazi Khuzwayo ilining'inia ukutani kama ilivyotundikwa jana.

"Mwizi gani huyu anamwacha ng'ombe akabeba kifaranga?" aliuliza.

"Anayejua thamani," alijibu Bi Heather Colborne, mwenye ukumbi.

"Anayejua pa kuniumiza!" Phindile alidakia, akimpapasa mtoto aliyembeba mgongoni. "Muulize Lwazi. Jana alisema udongo wangu umemeza kuta zake."

Lwazi, aliyesimama chini ya michoro yake, hakukana.

"Nilisema, na leo narudia. Watu wanaipa mgongo michoro yangu wainamie vyungu. Lakini kile, sajini, nilikipenda. Nilikaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Hivi vikubwa vinajisifu. Kile kimenyamaza kama mtu aliyefiwa."

"Ufunguo unao?"

"Ninao. Na MaNgubane, mama yake Phindile, kalala jikoni humu humu akiwapikia wageni pombe ya mtama. Mbona yeye humkamati? Au kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kushtakiwa?"

Sajini alikuwa tayari ameinama. Alikuwa anaitazama sakafu ya saruji nyekundu ambayo Bi Heather aliipaka nta jana jioni kabla ya kufunga. Nyayo za miguu mitupu zilitoka upande wa jikoni hadi kwenye kijukwaa. Mbele yake, nta ilikuwa imefifia sehemu mbili za mviringo, zimekaribiana.

"Kaka Lwazi, hebu piga magoti hapa kando."

"Mbele ya kijukwaa kitupu? Mimi hata mbele ya hakimu nilisimama!" Lakini alipiga, akinung'unika. Alama zake zilikuwa pana zaidi, na buti zake ziliacha mistari nyuma.

"Mwizi hunyakua akakimbia," Biyela alisema polepole. "Huyu alivua viatu, akapiga magoti, ndipo akachukua." Akamgeukia Phindile. "Dada, jina lako chini ya chungu unaliandika lini?"

"Udongo ukiwa bado mbichi. Kabla ya moto."

"Kila chungu?"

"Kila chungu."

Sajini alikilaza kimoja cha vile vikubwa. Herufi zilikuwa nyeusi tii, kwa maana moshi wa kuchomea ulikuwa umeingia hadi ndani ya mikwaruzo. Kisha akaomba picha ambazo Bi Heather alikipiga chungu kilichopotea. Chini yake, jina la Phindile lilikuwa jekundu kama kidonda kipya.

"Hili lilikwaruzwa baada ya moto, moshi haukuligusa," Biyela alisema. "Twende jikoni."

MaNgubane alikuwa anachuja pombe. Aliwaona wakiingia, akaliweka chini chujio, akafuta mikono.

"Mama, sitaki kupekua. Nakuomba tu."

Mama yule alifunua shuka juu ya kikapu. Chungu kilikuwa ndani, kimezungushiwa kitambaa.

"Chungu cha kuwawekea wahenga pombe hukaa ndani ya nyumba, nyuma kabisa, gizani," alisema. "Hukiendei umesimama. Jana nakikuta kwenye taa, kama mtu aliyevuliwa nguo. Nilikifinyanga mwaka aliokufa baba yake huyu. Sikukipamba hata kwa nundu moja ya urembo, mikono ilikataa."

"Mama, waamuzi walikuja nyumbani," Phindile alianza kulia. "Walivipita vyangu vyote. Mmoja akachungulia ndani, akakiona. Akauliza, nani kafinyanga hiki? Ulimi ukanitangulia. Nikasema mimi. Kisha ikabidi niandike jina. Nilitaka mtoto wangu akue akisikia mama yake ni mtu mwenye jina!"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Kisha ningekufundisha."

Lwazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia, asijue aiweke wapi. Phindile alinyoosha mkono kumgusa mama yake. Mkono ukabaki hewani.

"Andika mwizi ni mimi, sajini," MaNgubane alisema. "Huyu ananyonyesha."

"Mtu haibi cha kwake, mama. Lakini waamuzi wa tuzo nitawaambia ukweli."

"Waambie," Phindile alisema, kwa sauti iliyomfanya mtoto mgongoni aache kuchezacheza.

Bi Heather hakuwa anasikiliza. Alikuwa amechuchumaa kando ya kikapu, macho yanang'aa, vidole vinakaribia mdomo wa chungu bila kukigusa.

"Ni kizuri ajabu," alinong'ona. "Mnunuzi hajafika bado. Mama, tafadhali, unavyo vingine kama hiki?"

MaNgubane alikifunika chungu, akakipakata kikapu.

"Nilifiwa na mume mmoja tu," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.