Mzee Funguo na Fukusi wa Kale

Watu walimwita Mzee Funguo, naye hakulikataa jina hilo. Funguo za nyumba nzima zilining'inia kiunoni mwake: wa geti, wa mlango, wa kabati la sukari na wa ghala. Ulimsikia kabla hujamwona. Mkewe alisema kuwa hata usingizini mume wake hukagua makufuli.

Ghalani mlikuwa na pipa kubwa la mahindi. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba ya familia mpaka mavuno yajayo. Mke wa mwanawe ndiye aliyelijaza na kulifunga vizuri. Lakini kila jioni mzee aliingia ghalani, akafungua pipa, akatia mkono na kupima kwa macho. Alisema anaangalia usalama. Kweli yenyewe ni kwamba alimshuku yule binti. Mwanawe, fundi mwashi, alikuwa kazini mji mwingine, na binti alikuwa na ndugu wengi. Mzee aliogopa asije akachukua funguo wakati yeye anaoga. Kwa hiyo alikuwa anaoga harakaharaka.

Siku moja mama mzazi wa binti alikuja kuwasalimia. Majirani nao walikuwa wamekaa barazani. Mzee akaenda ghalani kuchota mahindi ya kumfungia mgeni. Alipofungua pipa, vumbi lilimpanda puani. Punje zilikuwa na matundu, na fukusi walitembea juu yake kama wenye nyumba.

Akatoka na bakuli mkononi, hasira zimempanda.

"Mkwe wangu, tazama kazi ya mwanao," alisema mbele ya wote. "Pipa hili alilifunga yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hukumfundisha hata kufunga kifuniko?"

Binti aliinamisha kichwa. Mama yake naye hakubishana. Aliaga kwa adabu, akachukua kikapu chake, akaondoka bila kuonja chakula. Majirani nao wakakumbuka ghafla kazi zao.

Kesho yake asubuhi binti alianza kukunja nguo zake. Mke wa mzee alimweleza mumewe bila kuzunguka: huyu akiondoka, mwanao utamwambia nini? Mzee alinuna. Akachukua kopo la dawa ya kunyunyizia shambani, akaelekea ghalani.

Mlangoni alikutana na mpangaji wao wa chumba cha nyuma. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ya kuchimbua mji wa kale kule kilimani. Kwa kuwa alirudi kila siku na mifuko ya vipande vya vyungu, walimwita Mama Vigae. Alipoona lile kopo alimzuia.

"Hiyo ni sumu ya shambani, mzee. Ukiitia kwenye chakula utawaua watoto kabla ya fukusi."

Kisha akaingia chumbani kwake, akaleta kikopo kidogo. Ndani yake mlikuwa na punje nyeusi, zilizoungua zamani sana. Kila punje ilikuwa na tundu. Mzee alilileta lile bakuli la jana, akaliweka pembeni ya kikopo, akalinganisha. Matundu yalikuwa yale yale.

Mama Vigae alimweleza kwamba mji ule ulikuwa na mitaa, mifereji ya maji machafu na maghala. Watu wake walilipa kodi, waligombania mipaka ya viwanja, na waliliwa nafaka na fukusi. Mzee alishangaa. Siku zote alidhani watu wa kale ni wa hadithi tu.

"Basi walifanyaje?" aliuliza.

"Walikausha nafaka vizuri. Wakajaza mtungi mpaka juu, wakafunika, wakaziba kwa udongo. Fukusi anapumua kama wewe. Hewa ya ndani ikiisha, anakufa. Halafu juu ya ule udongo mbichi walipiga muhuri."

"Muhuri wa nini?"

"Ili mtu akifungua ajulikane. Na wao walishukiana."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema wale walikuwa watu wenye akili.

"Pipa lako lina kifuniko kizuri," Mama Vigae aliendelea. "Basi nani amekuwa akilifungua?"

"Hakuna," mzee alijibu haraka. "Funguo ninazo mimi. Ni mimi tu, kila jioni, naangalia..."

Mkewe, aliyekuwa akifagia pale karibu, alikohoa. Mzee alitazama bakuli, akatazama mkono wake. Kila jioni alikuwa akiwapelekea fukusi hewa mpya, kisha akamvunjia heshima mtoto wa watu mbele ya mama yake. Aibu ilimshika. Alitamani ardhi ipasuke.

Alimfuata binti chumbani, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, mahindi nimeyaharibu mimi. Usiende."

Binti aliacha kukunja nguo. Alisema tu, "Nimesikia, baba."

Siku hiyo walianza kazi. Waliyachekecha mahindi, wakatupa yaliyoota ukungu, wakayaanika juani. Mama Vigae aliwafundisha kupima ukavu. Unatia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Isiponata, yako tayari. Kwa kuwa yalikuwa yamepungua, waliyahamishia kwenye pipa dogo ili lijae mpaka mdomoni. Ya kula waliyaweka kando kwenye debe. Kifuniko walikiziba kwa mpira wa tairi la baiskeli, na juu ya ukingo wakapaka udongo.

Mzee akamwomba binti abonyeze dole gumba lake kwenye ule udongo. Kisha akaufungua ufunguo wa ghala kiunoni, akampa.

Jioni za kwanza zilimtesa. Miguu ilimpeleka ghalani yenyewe, akakumbuka kuwa hana ufunguo, akarudi. Lakini jambo lililomtesa zaidi lilikuwa safari ya kwenda kwa mkwe wake. Kila wiki alipata udhuru. Mara mvua, mara goti. Aibu ndiyo iliyomshika goti.

Miezi ikapita. Siku waliyofungua pipa, mahindi yalikuwa safi, hayana hata vumbi. Fukusi waliobaki walikuwa wamekufa. Mke wa mzee alijaza mfuko, akauweka miguuni pa mumewe. Hakusema uende wapi.

Mzee alimkuta mkwe wake uani akianua nguo. Aliuweka mfuko chini, akavua kofia.

"Mkwe wangu, siku ile nilisema uongo mbele ya watu. Aliyefungua pipa ni mimi."

Mama alimvutia kiti.

"Najua, mkwe. Mwanangu alinitumia salamu siku ile ile. Alisema anakuona kila jioni ukienda ghalani."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mama, yule ni baba yangu. Usimwaibishe.'"

Mzee Funguo alikaa, akajifunika uso kwa kofia, akalia.